Ipo, Lakini Haimo

"Shikamoo, mwalimu. Nimeambiwa wewe ndiye unayenyoosha barua."

Niliitikia marahaba, nikamwonyesha kiti. Sijasimama mbele ya ubao kwa miaka mingi. Siku hizi nakula kwa kufasiri nyaraka na kunyoosha Kiswahili cha watu wanaotaka kuandikia ofisi. Lakini jina la ualimu halivuliwi kama shati. Aliyeniamkia alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, anatembea taratibu kama aliyebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na daftari la shule, cheti cha kutoka hospitali, na barua aliyoiandika mwenyewe.

Barua ilianza hivi: "Kwa heshima na taadhima naomba mnifikirie fidia kutokana na uzembe wenu uliosababisha nikatolewa kizazi."

Kisarufi haina kasoro. Ingekuwa mtihani ningeipa alama zake zote. Ila nilichukua penseli nikapiga mstari chini ya maneno manne: naomba, fidia, uzembe, kizazi. Moja tu, fidia, lilikuwa mahali pake, nalo lilihitaji maelezo. Matatu yaliyobaki yangeweza kumwangusha kabla hakimu hajafungua daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida. Katika zahanati zetu nyingi mgonjwa huja na daftari lake, akaandikiwa humo, akaondoka nalo. Ukurasa wa kwanza, kwa Kiingereza cha mkato: maumivu ya tumbo la chini, siku tatu. Amepimwa mkojo. Yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Vidonge vya siku saba. Ukurasa wa pili, siku nne baadaye: maumivu yanaendelea, damu kidogo ukeni, hedhi imevurugika. Dawa ya kutuliza maumivu. Ukurasa wa tatu, siku mbili baada ya hapo: kizunguzungu, bega la kulia linauma, tumbo limejaa. Imeandikwa vidonda vya tumbo. Kurasa zinazofuata ni nyeupe.

Yaliyobaki yako kwenye cheti cha hospitali. Usiku uleule alianguka bafuni. Walimkimbiza kwa bajaji, akafika hana damu. Alipofanyiwa upasuaji, mrija wa kulia ulikutwa umepasuka. Mimba ya wiki nane ilikuwa imetunga humo.

Katika kurasa zote tatu za daftari sikuona mahali palipoandikwa ni lini mara ya mwisho aliona siku zake. Wala hapakuwa na kipimo cha mimba.

Kabla ya maneno yake manne, nianze na jina la maradhi yenyewe. Wagiriki walikuwa na neno kwa kitu kilichotoka mahali pake, na matabibu wa Ulaya wakalichukua wakaipa jina mimba ya namna hii. Sisi tunasema mimba nje ya kizazi, au mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Ni tafsiri nzuri, inaeleweka. Lakini mimi naona Kiswahili kilikuwa na maelezo bora zaidi tangu zamani, ndani ya silabi tatu ambazo mtoto wa miaka minne anazitumia bila kufundishwa: -po, -ko, -mo.

Mimba ipo: kipimo cha mkojo kimesema. Haimo: aliyepiga picha ya utrasaundi amechungulia ndani, hakuikuta. Basi iko: iko kwingine, na kazi ya daktari ni kuitafuta huko iliko. Elimu yote ya maradhi haya imo katika mpangilio huo, na kila kosa la utambuzi linalotokea ni kosa la kuruka mojawapo ya hatua hizo.

Zahanati ya dada huyu iliruka hatua ya kwanza. Haikuuliza kama ipo. Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo si dogo. Mimba ikiwa changa sana, kwenye wiki ya tano hivi, utrasaundi inaweza isione kitu popote. Mtaalamu mwangalifu ataandika kwamba haionekani, kisha atapima homoni ya mimba katika damu, na kuipima tena baada ya saa 48 aone inavyopanda. Asiye mwangalifu atasoma "haionekani" kama "haimo". Wapo wanawake duniani walioambiwa mimba imetunga nje, wakachomwa methotreksati, dawa inayozuia seli zisigawanyike, kumbe mimba ilikuwa mahali pake salama. Kati ya haionekani na haimo kuna saa 48 za subira, na kwa mama huyo saa hizo ndizo mtoto.

Wazee wetu hawakusema mfuko wa uzazi. Walisema mji wa mimba. Nalipenda jina hilo kuliko lililochukua nafasi yake, kwa sababu mji hupanuka kadiri wakazi wanavyoongezeka, na ndivyo chombo kile kilivyo. Mrija haupanuki. Kati ya mimba mia moja, moja au mbili hutunga nje ya mji, na zaidi ya tisa katika kila kumi ya hizo hutunga kwenye mrija. Gabriele Falloppio, mwanaanatomia wa Italia aliyeieleza mirija hiyo mwaka 1561, aliiona inafanana na tarumbeta, akaiita hivyo kwa Kilatini. Sisi tukaiita mirija, kama ule wa kunywea dafu. Tarumbeta ina mdomo mpana. Mrija ni mwembamba toka mwanzo hadi mwisho, na anayeusikia anajua mara moja kwamba kitu kinachokua ndani yake kitaupasua. Hapa istilahi yetu imeshinda. Jina lenyewe linatoa onyo.

Onyo hilo linahusu muda. Mwaka 1883, mjini Birmingham, daktari Robert Lawson Tait alimfanyia upasuaji mwanamke ambaye mrija wake ulikuwa umepasuka, na mwanamke yule akapona. Huo ndio upasuaji wa kwanza wa aina hiyo kufaulu. Tangu siku ile, swali la mimba ya mrija limekuwa imegunduliwa lini.

Sasa turudi chumba cha daktari, maana huko ndiko maneno yanakoanza kupotea. "Umeona siku zako?" "Nimeziona, ila kidogo, nyeusi." Jibu hilo ni la kweli na ni la hatari. Kitenzi kuona kimebeba damu yoyote inayotoka, na mwanamke aliyevuja damu kidogo kutokana na mimba iliyo kwenye mrija atasema kwa nia njema kabisa kwamba ameziona. Anayemsikiliza akiandika "hedhi, ndiyo", mlango umefungwa. Swali sahihi ni refu kidogo: zilikuja tarehe ngapi, na zilikuwa kama zile za kila mwezi?

Na neno tumbo je? Kwetu tumbo ni kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye kinena. Humo mna ini, utumbo, kibofu, kizazi, njaa na hofu. Ndiyo maana tumekuwa na vitenzi vingi vya kulisaidia: tumbo linakata, linachoma, linavuta, linasokota, linanyonga. Bibi wa dada huyu alipoambiwa linavuta upande mmoja alisema ni chango, akachemsha majani. Simlaumu bibi. Chango ni jina la kale la maumivu ya tumbo la mwanamke ambayo hayakuwa na jina jingine. Ninachouliza ni kwa nini yutiai nayo imegeuka chango la zahanati: herufi tatu anazopewa kila mwanamke anayeshika tumbo la chini.

Bega ndilo lililonisikitisha zaidi. Damu ikimwagika ndani ya tumbo hupanda hadi chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Neva inayohudumia kiwambo hicho hutoka shingoni, jirani na zile za begani, kwa hiyo ubongo hudanganyika, mtu akasikia bega linauma. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye tumbo linalouma na kizunguzungu, bega ni kengele. Kwenye daftari lile kengele iliandikwa vizuri kabisa, kwa mwandiko unaosomeka, halafu mwandikaji akaandika vidonda vya tumbo.

Neno la kwanza kulifuta lilikuwa kizazi. "Walikutoa kizazi?" nilimuuliza. "Ndivyo wanavyosema mtaani," akajibu. Cheti kilisema mrija mmoja wa kulia umeondolewa. Wa kushoto na mfuko wa uzazi vimebaki salama. Katika Kiswahili kizazi ni kiungo, ni uwezo wa kuzaa, na pia ni watu wote wa rika moja. Neno linalobeba kiungo, tumaini na ukoo kwa pamoja ni neno zito sana, ndiyo maana mtaa hulitumia hata pale kilichotoka ni mrija wa urefu wa kidole. Lakini barua ikienda na neno kizazi, upande wa pili utajibu kwa mstari mmoja: mdai hakutolewa kizazi, cheti chake mwenyewe kinasema hivyo. Na baada ya mstari huo, yote ya kweli aliyoyaandika yatasomwa kwa shaka.

Neno la pili ni fidia, na hili sikulifuta. Limetoka Kiarabu, na Waislamu wa pwani wanalijua tangu utoto kwa habari ya funga: mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani hulisha maskini kwa kila siku aliyokula, na chakula hicho ndicho fidia. Maana yake ya kale pia ni kikomboleo, mali ya kumtolea mateka. Katika maana zote mbili kuna kipimo: kilichopotea kinahesabiwa, na kinacholipwa kinalinganishwa nacho.

Sasa sikiliza maneno yanayojipenyeza mahali pake: kifuta machozi, kifuta jasho, mkono wa pole, ubani. Yote ni maneno ya utu, na mtu asiyeyajua hajakaa na watu. Ila hayana kipimo, na mwenye kuamua kiasi ni anayetoa. Akileta elfu hamsini, umeshukuru. Akileta kumi, umeshukuru. Tatizo huja pale mkono wa pole unapofika na karatasi chini yake, iliyoandikwa kwamba mpokeaji hatakuwa na madai mengine yoyote. Hapo pole imefanya kazi ya fidia kwa bei ya pole. Dada huyu alikuwa ameletewa karatasi ya namna hiyo. Kwa bahati kalamu ya aliyeileta haikuwa na wino.

Fidia ya nini, basi? Wengi wangejibu: ya mimba. Sheria ya Kiislamu inayo hata istilahi yake, ghurra, malipo ya kijusi kilichotoka kwa sababu mama amepigwa. Lakini mimba ya kwenye mrija haina njia ya kuwa mtoto. Hata ingegunduliwa siku ya kwanza na daktari bingwa kuliko wote, mimba ile isingeokolewa. Ni ukweli mchungu, na nilimweleza polepole, kwa sababu barua ikidai mtoto itakuwa inadai kisichoweza kulipwa. Kinachodaiwa ni kilichosababishwa na kuchelewa: damu aliyopoteza, upasuaji wa dharura na mshono wake, mrija, wiki alizolala bila kufungua genge lake, maumivu, na hofu ya kushika mimba tena.

Mawakili huyagawa hayo mafungu mawili. Fidia maalumu ni ile inayohesabika hadi shilingi ya mwisho, kama nauli, dawa, vipimo na mapato ya siku alizokosa kufanya kazi, na mahakama hutaka kila kimoja kitajwe na kithibitishwe. Fidia ya jumla ni ya yale yasiyo na risiti, kama maumivu na majonzi, na kiasi chake huachwa kwa busara ya hakimu au jaji. Nilimuuliza kama ana risiti. Ya maabara anayo. Ya bajaji hana. Nani aliwahi kuomba risiti ya bajaji saa nane za usiku huku anakata roho?

Neno la tatu, uzembe, ndilo lililotuchukulia muda mrefu zaidi. Magazeti ya Tanzania yameshalizoea: uzembe wa madaktari. Mzembe kwa Kiswahili ni mvivu, asiyejali, asiyeamka kwenda shamba. Ni neno la tabia. Sasa chukua tabibu aliyekuwa peke yake zahanati siku hiyo, foleni imefika mtini, hajala tangu asubuhi. Ukimwita mzembe, wenzake wote watasimama upande wake, na watakuwa na haki. Hakuwa amelala. Alikuwa anafanya kazi.

Lakini sheria haiulizi kama alikuwa mvivu. Mwaka 1957, katika shauri la Bolam jijini London, jaji aliwaeleza wazee wa baraza kipimo ambacho kimesafiri mbali: daktari hana kosa ikiwa alitenda kwa utaratibu unaokubaliwa na kundi la wataalamu wanaoheshimika wa fani yake. Kanuni za Kiingereza za namna hiyo zilikuwa na njia ya kufika kwetu: Kenya ilipokea sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Tanganyika tarehe 22 Julai 1920, na mahakama zetu zimeendelea kuyasoma maamuzi ya huko. Swali ni moja: tabibu makini wa ngazi yake, akiletewa mwanamke huyu, angefanya nini? Mchapakazi anaweza kushindwa swali hilo. Mvivu anaweza kulishinda kwa bahati.

Wakenya wana maneno mengine mawili, utepetevu na mapuuza. Utepetevu unatokana na kutepeta, kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Bado ni tabia, bado ni ulegevu. Mapuuza yanakaribia zaidi, maana kupuuza kunataka kitu kilichopuuzwa: dalili iliyosemwa, ikasikiwa, ikaachwa. Hata hivyo ushauri wangu kwa mwandika barua ni kuziacha nomino hizi zote na kwenda kwenye vitenzi. Hakuuliza. Hakupima. Hakutoa rufaa. Vitenzi vitatu vya ukanushi, kila kimoja na tarehe yake kutoka kwenye daftari. Nomino inabishaniwa, kitenzi chenye tarehe ama kilitendeka ama hakikutendeka.

Nimesema tabibu makusudi. Mtaani kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, hata anayetoa dawa dirishani. Katika utumishi wa afya Tanzania, tabibu, daktari msaidizi na daktari ni ngazi tofauti zenye mafunzo tofauti, na kipimo cha umakini hufuata ngazi. Barua inayomwita tabibu "daktari bingwa wenu" inampandisha cheo ili imwangushe, na haitafaulu.

Hata ukithibitisha kosa, bado hujamaliza. Lazima uonyeshe kwamba kosa ndilo lililoleta madhara. Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inaponifurahisha. Tulifundishwa shuleni kwamba -nge- ni ya jambo linaloweza bado kutokea, na -ngali- ni ya lile ambalo wakati wake umepita. Siku hizi watu wanazichanganya, tena wengine wanasema -ngeli-, lakini tofauti ile ya zamani ndiyo anayoihitaji mdai. Nilimwandikia kando ya karatasi:

Wangalinipima mimba siku ya kwanza, wangaliiona ipo. Wangaliitafuta, wangalijua haimo. Wangalinipa rufaa siku ile, mrija usingalipasuka.

Kesi nzima imening'inia kwenye silabi mbili. Na kila -ngali- inahitaji shahidi mtaalamu wa kuibeba. Upande wa pili utasema: hata angaliwahi, mrija ungalitolewa tu. Si hoja ya kupuuzwa, kwani mara nyingi upasuaji wa mimba ya namna hii huondoa mrija hata kama haujapasuka. Jibu liko kwenye vipimo: mimba ikigunduliwa mapema, ikiwa ndogo, haijapasuka na homoni haijapanda sana, wapo wanaotibiwa kwa methotreksati bila kisu. Je, yeye angalikuwa mmoja wao? Hilo si la mwalimu wa Kiswahili. Lakini swali limeshakuwa wazi, na swali lililo wazi ndilo daktari bingwa anaweza kulijibu mahakamani. Wahenga walituachia "majuto ni mjukuu" na "ajali haina kinga" ili tusikae tukila roho zetu kwa -ngali-. Kwa msiba, wamesema kweli. Ila hapa kinga ilikuwapo: kijiti cha kupimia mimba kwa mkojo, mkojo uleule waliokuwa nao mezani, kwa bei isiyofika sahani ya chipsi.

Neno la mwisho ni lile nililolipigia mstari kwanza: naomba. Kiswahili ni lugha ya adabu. Tunaomba maji, tunaomba njia, tunaomba hata chenji yetu wenyewe. Lakini anayeomba anakubali kwamba anaweza kunyimwa. Haki hudaiwa. Mahakama zimelitunza neno hilo: shauri la madai, mdai, mdaiwa. Na tangu Bunge la Tanzania lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama mwaka 2021, maneno haya yameacha kuwa tafsiri ya kitu kingine. Yenyewe ndiyo sheria.

Kuna pia neno kongwe la pwani ambalo nalisikitikia kwa kuwa linatoweka: daawa. Ni shauri, ni dai linalopelekwa kwa kadhi au hakimu. Kwa Kiarabu daawa na dawa ni mbali kabisa, herufi za koo zinazitenganisha. Kwetu zimebaki na tofauti ya irabu moja. Aliyekosa dawa sahihi anabaki na daawa. Hata hakimu wetu ana ndugu upande wa pili: katika Kiarabu mzizi wake umezaa neno la mwamuzi na neno la tabibu, na kwetu umezaa pia hekima.

Na ipo rufaa. Mgonjwa hupewa rufaa; aliyeshindwa kesi hukata rufaa. Asili yake ni kunyanyua, kukipeleka kitu juu zaidi. Ni neno moja kwa hospitali na mahakama kwa sababu wazo ni moja: huyu wa hapa amefika mwisho wa uwezo wake, na si aibu kukiri. Tabibu yule angaliandika neno hilo moja kwenye ukurasa wa pili, dada asingekuwa kwenye kiti changu. Rufaa iliyonyimwa hospitalini ndiyo inayotafutwa mahakamani.

Nilimwonya pia asichanganye malalamiko na madai. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari yana njia yake kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo hadi leo limeshikilia jina la nchi iliyoungana mwaka 1964. Kazi ya baraza ni maadili na leseni. Fidia hutolewa na mahakama, au hupatikana kwa maelewano nje yake. Na madai yana saa inayotembea: Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara ya namna hii, na kituo kikiwa cha serikali, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90. Kenya pia miaka ni mitatu, lakini dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Kwa hiyo barua isiyo na tarehe ni adui wa aliyeiandika.

Tulimaliza jua likiwa limeshuka. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa imekuwa hivi: "Ninadai fidia kwa madhara niliyoyapata kwa sababu, katika mara tatu nilizofika kituoni kwenu kwa tarehe zilizotajwa hapa chini, sikuulizwa tarehe ya hedhi yangu ya mwisho, sikupimwa mimba na sikupewa rufaa, hata mrija wangu wa kulia ukapasuka na kuondolewa."

Aliisoma mara mbili. "Mwalimu, uzembe umekwenda wapi?"

"Umo humo," nikamwambia. "Hakimu atautaja mwenyewe akiuona."

Nilimwelekeza kwa wakili, maana barua kama hii ni mwanzo tu, na nikamsihi jambo moja ambalo nakusihi na wewe msomaji: daftari la zahanati usiliwashie moto, usiwape watoto wachoree, na usimkabidhi mtu likiwa peke yake bila nakala. Alivuka barabara kwenda kwenye duka la fotokopi. Kurasa tatu, nakala mbili, shilingi mia sita. Nilimwona amesimama kaunta muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji, mwenye duka akitafuta kitabu chini ya meza. Alikuwa anadai risiti.